Usugu Usiogongewa Muhuri

Nguruwe wa Busia hazururi ovyo kama wengi wanavyodhani. Ana njia zake. Akifunguliwa kamba asubuhi hushika ukingo wa shamba la mihogo, akapita nyuma ya choo cha jirani, akafukua jalala, akanywa maji ya mtaroni, na jua likizama huwa amesharudi kwao. Watafiti waliokuwa na kituo mjini Busia, upande wa Kenya, akiwemo daktari wa mifugo Lian Thomas, waliwavisha nguruwe kumi kola zenye kifaa cha GPS ili wazijue njia hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kwa saa 12 nguruwe alitembea wastani wa mita 4,340, na karibu nusu ya muda wake aliupitisha nje ya boma la mwenyewe.

Kilichowasumbua watafiti wale kilikuwa tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye mabuu yake huweza kuingia hadi kwenye ubongo wa binadamu na kuleta kifafa. Lakini anakopita tegu hupita pia bakteria wa kinyesi, na ndani ya bakteria hao mna kitu kidogo zaidi chenye madhara mapana zaidi: jeni za usugu, zinazomwezesha bakteria kustahimili dawa, na ambazo anaweza kumgawia mwenzake.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Watu wengi hudhani usugu ni tabia ya kijidudu fulani kibaya, kwamba ukimuua huyo umemaliza kazi. Sivyo. Jeni nyingi za usugu hazikai kwenye kromosomu ya bakteria bali kwenye plasmidi, pete ndogo ya DNA inayojinakili yenyewe. Bakteria wawili wakikutana tumboni mwa ndama au kwenye tope la zizi, mmoja humtolea mwenzake kijimrija chembamba, na nakala ya plasmidi ikapita. Ni kama jirani anayemgawia mwenzake mbegu: anayetoa habaki mikono mitupu. Na anayepokea si lazima awe wa ukoo mmoja na mtoaji. E. coli asiye na madhara, aliyeishi tumboni mwa kuku maisha yake yote, anaweza kuipa Salmonella silaha ambayo yeye mwenyewe hakuihitaji sana.

Historia ya jambo hili ilianzia mbali na Busia na jirani yake Tororo, ya upande wa Uganda. Hata hivyo, ni shida kupata mahali pengine panapoifunua vizuri hivi, kwa kuwa hapa kila kitu kinavuka: watu, ng'ombe, mayai, maji na dawa.

Mpaka wenyewe si wa zamani. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda wakaihamishia kwenye himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuwa Kenya. Wateso wakajikuta pande zote mbili, Wasamia vilevile. Ng'ombe wa mahari waliendelea kwenda na kurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata leo mji wa Busia uko nchi mbili kwa jina lilelile, na Malaba, iliyo katika wilaya ya Tororo kwa upande wa Uganda, nayo iko hivyo hivyo.

Serikali ya kikoloni ilijua kwamba magonjwa ya mifugo hayafuati ramani, na ndiyo sababu maabara kubwa ya Tororo iliwekwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo EATRO, taasisi ya utafiti wa nagana na malale, magonjwa yanayoenezwa na mbung'o. Vimelea vilivyokusanywa huko viligandishwa na kuhifadhiwa, na hadi leo maabara za Ulaya na Marekani zinafanyia kazi vimelea vyenye jina la EATRO na namba yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Maabara ikabaki mikononi mwa Uganda, nchi iliyokuwa chini ya Idi Amin, na jicho moja lililokuwa likitazama pande zote mbili za mpaka likafumbwa. Hasara ile haizungumzwi sana tunaposimulia kuvunjika kwa Jumuiya. Tunakumbuka reli, ndege na posta, maabara tunazisahau.

Wakati Tororo inashughulika na mbung'o, jambo jingine lilikuwa likiiva duniani. Mwaka 1948 Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 katika kampuni ya Lederle ya Marekani, alitangaza dawa aliyoitoa kwa kijidudu cha udongo wa Missouri: klotetrasaikilini. Miaka miwili baadaye kampuni ya Pfizer ikatoa ndugu yake, oksitetrasaikilini. Huyu wa pili ndiye ambaye mfugaji wa Busia anamjua kwa herufi tatu tu, OTC, kimiminika cha manjano kwenye chupa ya sindano. Karibu wakati huohuo Thomas Jukes na Robert Stokstad, wa Lederle pia, waligundua kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa dawa ile walikua upesi kuliko wenzao. Ugunduzi ule ulibadilisha ufugaji wa dunia. Dawa ya kutibu ikawa kiungo cha chakula cha mifugo.

Onyo lilitoka Japani. Katika miaka ya 1950 madaktari wa huko walikuwa wakipambana na kuhara damu kunakosababishwa na Shigella, na wakaanza kuona wagonjwa ambao bakteria wao hawakuguswa na dawa nne kwa pamoja: salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaikilini. Ajabu ni kwamba wengine hawakuwa wametumia dawa zote hizo. Mwaka 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, kila mmoja na kundi lake, walionyesha kwamba usugu ule ulihama mzima mzima kutoka E. coli kwenda Shigella bakteria wakiwekwa pamoja. Tsutomu Watanabe aliueleza ulimwengu wa wasomaji wa Kiingereza habari hiyo mwaka 1963. Wengi hawakuamini mara moja.

Aliyeamini ni E. S. Anderson, mkuu wa maabara ya bakteria wa matumbo huko Colindale, London. Katikati ya miaka ya 1960 Uingereza ilikumbwa na wimbi la Salmonella Typhimurium kwenye ndama. Ndama wachanga walinunuliwa na wafanyabiashara, wakachanganywa, wakasafirishwa mbali, wakadungwa dawa kila walipoharisha. Anderson alifuatilia bakteria hao kutoka kwenye ndama hadi kwa watu, akaona usugu unaongezeka mmoja baada ya mwingine kwa njia ya uhamisho. Kelele zake zilichangia kuundwa kwa kamati ya Swann, iliyotoa ripoti mwaka 1969 ikitaka dawa zinazotegemewa kwa binadamu zisitumike kukuzia mifugo. Umoja wa Ulaya ulikuja kupiga marufuku viuavijasumu vyote vya kukuzia mifugo mwaka 2006, miaka 37 baadaye.

Kisha kuna shamba moja la Massachusetts. Mwanabiolojia Stuart Levy aliweka pale kuku 300, nusu akawapa chakula chenye tetrasaikilini na nusu akawanyima. Ndani ya wiki moja matumbo ya kuku waliokula dawa yalijaa bakteria sugu. Miezi mitano au sita baadaye, asilimia 31 ya sampuli za kinyesi za watu wa shamba lile zilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 yao walihimili tetrasaikilini, wakati kwa majirani ni asilimia 7 tu ya sampuli. Watu wale hawakuwa wamekula dawa. Waliishi tu karibu na kuku. Makala ilitoka mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Tororo kubaki peke yake.

Kuna ushahidi mwingine unaopaswa kujulikana zaidi. Daktari wa Kanada aliyeitwa E. D. G. Murray alikusanya na kuhifadhi bakteria wa matumbo tangu mwaka 1917 hadi 1954, wengi wao kabla viuavijasumu havijaenea. Victoria Hughes na Naomi Datta walipowachunguza mwaka 1983 walikuta plasmidi zinazohama zimejaa tele, lakini takriban hazikubeba usugu wowote. Maana yake vyombo vya usafiri vilikuwepo tangu zamani, vikienda na kurudi vitupu. Katika muda usiofikia umri wa mtu mmoja, dawa zetu zilivijaza shehena.

Afrika Mashariki ilipokeaje dawa hizo? Kwanza kwa mkono wa serikali. Daktari wa mifugo wa wilaya ndiye aliyekuwa na sindano, majosho yalikuwa ya umma, na mfugaji alisubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, mageuzi ya kiuchumi yaliyoshinikizwa na wakopeshaji yaliiondoa serikali kwenye huduma hizo, Kenya na Uganda pia. Majosho mengi yakakauka. Nafasi iliyoachwa ilizibwa na maduka ya agrovet, ambako mbegu za mahindi, dawa za kupe, chakula cha kuku na viuavijasumu hukaa rafu moja.

Mwaka 2001 Eric Mitema wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitoa hesabu ya kwanza ya maana. Kati ya mwaka 1995 na 1999 mifugo ya Kenya ilitumia wastani wa kilo 14,594 za viuavijasumu kwa mwaka, na zaidi ya nusu, kilo 7,975, zilikuwa za jamii ya tetrasaikilini. Nyuma yake zikaja salfa. Ukigawanya kilo hizo kwa mifugo yote ya nchi, si dawa nyingi ukilinganisha na mashamba ya Marekani ya wakati ule. Ndiyo maana si haki kumsimanga mfugaji wa Busia kana kwamba yeye ndiye chanzo cha tatizo la dunia.

Naye ana sababu zake. Mradi wa IDEAL, uliofuatilia ndama 548 wa zebu katika eneo la Busia tangu kuzaliwa hadi wakaribie mwaka mmoja, kati ya mwaka 2007 na 2010, ulikuta vifo 16 kwa kila ndama 100 kwa mwaka. Katika vifo vilivyotokana na maambukizi, asilimia 40 vililetwa na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Tezi za ndama huvimba chini ya masikio, homa inapanda, pumzi inakuwa nzito, na siku chache zinatosha kumwangusha. Dawa yake halisi, buparvakwoni, ni ghali. OTC ni ya bei ya chini na iko dukani. Kinachochanganya zaidi ni kwamba oksitetrasaikilini ina kazi halali katika ugonjwa huohuo: chanjo iliyobuniwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970 humdunga ndama vimelea hai vya ndigana pamoja na oksitetrasaikilini inayokaa mwilini muda mrefu, ili vimelea visimshinde wakati kinga inajengeka. Kwa hiyo mtu akisema tu "acheni OTC," hajakaa na mfugaji akamsikiliza.

Upande wa kuku na nguruwe hadithi ni nyingine. Kideri huua kuku wa kijiji kizima kwa wiki, nacho huletwa na kirusi. Homa ya nguruwe ya Afrika ni kirusi pia, na uchunguzi uliofanywa kwenye mpaka huu wa Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 uliikuta hata kwenye nguruwe wasioonyesha dalili. Kiuavijasumu hakikifanyi kirusi lolote. Lakini mfugaji anayeona kuku wanasinzia na kunya kijani hawezi kujua, na muuzaji dukani hana maabara. Dawa inakorogwa kwenye maji ya kunywa, kuku wanaokufa wanakufa, waliobaki wanabaki, na dawa inasifiwa kwa waliobaki. Bakteria wa matumboni, ambao hawakuwa na kosa, ndio waliopata somo.

Mwaka 2016 kundi la Steven Kemp wa Chuo Kikuu cha Liverpool, likishirikiana na mtafiti mwenzake Eric Fèvre, lilikwenda kuwahoji wafugaji, wauzaji wa agrovet na wahudumu wa mifugo wa kaunti ya Busia. Walichokuta, kilichochapishwa mwaka 2021, kinalingana na kile ambacho yeyote aliyesimama mbele ya kaunta hizo angekitarajia: dawa nyingi hununuliwa dukani bila cheti cha daktari, tetrasaikilini na jamii ya penisilini zinaongoza, na matakwa ya mteja yana nguvu katika kuamua nini kiuzwe. Mteja akija na chupa tupu mkononi akasema "nipe kama hii," ni muuzaji gani atamrudisha?

Jeni zenyewe zilikuwa zimeshaonekana nchini. Mwaka 2007 Gideon Kikuvi wa Nairobi, akifanya kazi na Stefan Schwarz na Corinna Kehrenberg wa Ujerumani, alieleza jeni za usugu dhidi ya streptomaisini na kloramfenikoli katika E. coli wa ng'ombe, nguruwe na kuku wa Kenya. Zilikuwa zilezile zinazojulikana Ulaya na Asia, strA na strB kwa streptomaisini, catA1 kwa kloramfenikoli. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Samuel Kariuki wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzake walilinganisha E. coli wa watoto na wa kuku waliokuwa wakiishi pamoja Kiambu, na kwa jumla bakteria wa pande hizo mbili walitofautiana kinasaba. Matokeo hayo mawili hayapingani. Bakteria wa mtoto na wa kuku wanaweza kuwa wa koo tofauti kabisa, na bado wakawa wamebeba jeni moja, kwa sababu kilichohama ni plasmidi. Anayewahesabu abiria kwa sura zao hataona mizigo inayobadilishana mikono.

Kuna jambo jingine ambalo huwaponyoka wengi. Jeni hizi hupenda kukaa pamoja. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni ya tetrasaikilini, ya salfa, ya trimethoprimu na ya streptomaisini kwa mpigo. Mfugaji akitumia tetrasaikilini peke yake, zote nne zinalindwa. Ndipo ndama aliyedungwa OTC huko Samia, upande wa Kenya, anapohusika na kidonge anachomeza mtu wa Tororo.

Kidonge hicho kina historia yake. Mwaka 2001 Jonathan Mermin na wenzake wa mpango wa CDC, wakala wa Marekani wa kudhibiti magonjwa, nchini Uganda walianza utafiti vijijini Tororo kuhusu kotrimoksazoli, mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu ambao wengi wanaujua kwa jina la Septrin. Walitaka kujua kama kidonge kimoja kwa siku kingewasaidia watu wenye virusi vya UKIMWI, wakati ambapo dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijafika kijijini. Swali lilikuwa zito kwa sababu eneo lile lilijulikana kwa bakteria wengi sugu dhidi ya dawa hiyohiyo. Watu 509 wenye virusi walifuatiliwa pamoja na wanafamilia 1,522 wasio na virusi. Matokeo ya mwaka 2004 yaliwashangaza wenye mashaka: vifo vilipungua kwa asilimia 46, na malaria, kuhara na kulazwa hospitalini vikapungua pia. Mwaka uliofuata wakaongeza lingine: watoto wasio na virusi wa chini ya miaka kumi katika nyumba hizo, ambao wenyewe hawakumeza kidonge, walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 63, na usugu wa vijidudu vya kuhara kwa wanafamilia haukuongezeka. Mzazi akiwa mzima, mtoto analelewa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa matumizi hayo ya kotrimoksazoli kwa nchi zenye rasilimali chache.

Katika kaya hizohizo za Tororo kulikuwa na jaribio jingine, lisilosifiwa sana. Baadhi ya nyumba zilipewa klorini na chombo chenye mdomo mwembamba cha kuwekea maji ya kunywa. Watu wenye virusi katika nyumba hizo walipata kuhara pungufu kwa asilimia 25. Kila kuhara kusikotokea ni dozi ya dawa isiyomezwa, na ni kinyesi chenye bakteria kisichomwagika uani wanakopita kuku.

Hapa ndipo hoja ya makala hii inapokaa. Kwa miaka mingi usugu umeelezwa kama matokeo ya matumizi mabaya ya dawa, na lawama zikamwendea mfugaji na muuza duka. Matumizi yana sehemu yake, na kubwa. Lakini katika nchi zetu njia za kupita ndizo pana zaidi. Ushahidi wenye nguvu ulitoka jirani, Tanzania kaskazini. Mwaka 2020 kundi lililomjumuisha Murugan Subbiah na Douglas Call lilichapisha uchunguzi wa kaya 425 za jamii tatu, wenye bakteria 62,376 kutoka kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji. Viwango vya usugu vilifanana kila mahali. E. coli wa binadamu na wa wanyama hawakugawanyika katika makundi mbalimbali. Na takwimu hazikuonyesha kwamba kaya iliyotumia dawa za mifugo zaidi ilikuwa na bakteria sugu zaidi. Kilichohusiana nao sana ni mambo ya maisha yanayorahisisha bakteria kupita.

Turudi Busia tukiwa na macho hayo. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Fèvre na wenzake walitembelea maboma 416 ndani ya kilomita 45 kutoka mjini, wakapima watu 2,113 na ng'ombe 983. Fèvre huyu aliwahi kuonyesha, mwaka 2001, jinsi malale yalivyofika Soroti, mashariki mwa Uganda: si kwa mbung'o kuruka hadi huko, bali kwa ng'ombe wa maeneo yenye ugonjwa kuuzwa katika mnada wa Brookes Corner. Elizabeth Cook wa kundi la Busia alikwenda kwenye machinjio. Alipita machinjio 142 ya magharibi mwa Kenya na kuzungumza na wafanyakazi 738. Asilimia 60 ya machinjio yalikuwa na choo. Mahali pa kunawa mikono palikuwepo kwenye moja kati ya matano. Chini ya nusu ya wafanyakazi walivaa nguo za kujikinga.

Mfanyakazi huyo wa machinjio anapasua utumbo wa ng'ombe kwa kisu, anaukamua, anamwaga kinyesi pembeni, na kwa mkono uleule anaining'iniza nyama. Hana bomba. Jioni anakwenda nyumbani kula ugali na watoto wake. Hakuna sheria ya agrovet itakayoikata njia hiyo.

Picha kamili zaidi ya kile kilicho ndani ya utumbo huo ilipatikana kati ya Oktoba 2016 na Mei 2017. Catherine Wilson na wenzake walichukua sampuli za nguruwe 647 kwenye machinjio ya Busia, Nairobi na Chikwawa nchini Malawi, wakasoma DNA ya Salmonella waliyoipata. Busia asilimia 12.7 ya nguruwe walikuwa nayo, Nairobi 9.1, Chikwawa 24.6. Walikuwa wakiitafuta hasa ST313, aina ya Salmonella inayoingia kwenye damu na kuua watoto wengi Afrika. Waliwapata wawili tu wa aina hiyo, na hao walikuwa na undugu wa karibu zaidi na wale wanaoharisha watu Uingereza kuliko na wauaji wa hapa. Kwa hiyo nguruwe wa Busia hakuthibitika kuwa chanzo cha maradhi yale ya damu. Jibu la namna hiyo ni la thamani sawa na lile la kutisha, kwani linaepusha fedha kupotelea mahali pasipostahili.

Na sayansi inaweza kwenda mbali zaidi. Jijini Nairobi, Dishon Muloi na wenzake walisoma jenomu za E. coli 1,338 kutoka kaya 99 zinazofuga, na mwaka 2022 wakaeleza jinsi binadamu na mifugo wa kaya moja wanavyoshirikiana bakteria na jeni zao. Ndiyo kazi inayohitajika mpakani, kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Mpaka wenyewe umebadilika. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha Busia, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Mwaka mmoja kabla, mafua ya ndege yalipotokea Uganda, Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda kuingia. Zuio lile liliwezekana kwa sababu mafua ya ndege yana jina, yana kipimo, na mgonjwa wake anakufa hadharani. Kuku aliyebeba plasmidi ni mzima, mnene, macho yanang'aa. Atapita.

Kenya ilitoa sera na mpango wake wa kitaifa kuhusu usugu mwaka 2017. Uganda ikatoa wake mwaka 2018. Yote miwili ilitaja afya ya binadamu, ya mifugo na ya mazingira kwa pamoja, na hilo lilikuwa jema. Lakini kila mmoja uliishia kwenye mpaka wa nchi yake. Kazi ya kuanzia si kubwa kiasi cha kushindikana: machinjio ya Busia, Malaba na Tororo yaandike mnyama ametoka soko gani, sampuli chache za kinyesi zichukuliwe kila mwezi pande zote mbili kwa utaratibu mmoja, E. coli wake wasomwe sambamba na wale wa wagonjwa wa hospitali za Busia na Tororo, na plasmidi zilinganishwe, si bakteria peke yao. Tororo iliwahi kuwa na maabara ya aina hiyo, ya nchi zote kwa pamoja. Na wakati sampuli zinasubiri kusomwa, machinjio manne kati ya kila matano kwenye hesabu ya Cook yalikuwa bado yanahitaji bomba la maji, beseni na kipande cha sabuni.